Picha ya Tipitipi

Je, umewahi kumsikia ndege kila asubuhi, ukaizoea sauti yake kama ya jirani, lakini yeye mwenyewe usimwone? Basi tipitipi ndivyo alivyo. Hapa kwetu Ujiji, upande wa bonde la Mto Luiche, analia ndani ya matete, tu-tu-tu-tu, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Ukisogea, kimya.

Mjukuu wangu Ikram alikuwa akiamka, akiswali, akifagia uwanja, kisha akinisaidia kuanika dagaa juu ya chanja. Ndipo avae sare na kwenda shule peke yake. Mama yake alifariki zamani. Baba yake, mwanangu Haruna, ni mvuvi wa dagaa kule Kagunga. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na baba za wenzake hurudi nyumbani. Haruna alikuwa akibaki huko huko akishona nyavu. Ikram aliutazama mwezi ukijaa, akautazama ukipungua.

Siku moja Haruna alipiga simu.

"Mwanangu, tipitipi bado analia huko?"

"Analia, Baba."

"Mimi tangu utoto sijamwona vizuri. Ukimpiga picha, nakuja mwenyewe kuiona!" Akacheka.

Ikram hakucheka. Kuanzia kesho yake, akitoka shule aliomba simu yangu, ile yenye ufa kwenye kioo, akaenda bondeni. Sauti ikitoka kulia, alikimbilia kulia. Ikitoka kushoto, alikimbilia kushoto.

"Usimfuate," nilimwambia. "Anasikia nyayo zako kabla wewe hujafika. Kaa chini, utulie, akuzoee."

Akakaa. Mbu walimuuma, matope yakamkaukia miguuni. Alipata picha nyingi za matete, na moja yenye mkia.

Zubery, mtoto wa jirani anayesoma naye, alipoiona alicheka hadi akashika tumbo. "Hee, Ikram! Huyu ndege au ufagio?"

"Nirudishie simu."

"Unajitesa bure, dada. Kwenye mtandao wamejaa tele. Nikutumie mmoja?"

Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Ikram akakubali, akaituma picha ile kwa baba yake kana kwamba ameipiga yeye.

Jioni hiyo hiyo simu ililia. "Mama!" Haruna alipaza sauti. "Umeiona kazi ya mjukuu wako? Jicho jekundu, nyusi nyeupe, manyoya yote yanaonekana! Nimewaonyesha wenzangu wote huku. Nakuja mbalamwezi hii!"

Nilidhani Ikram ataruka kwa furaha. Kumbe aliacha ugali wake, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Nikamfuata, nikakaa kando yake.

"Bibi," alisema, "ile picha si yangu. Alinipa Zubery."

"Mwambie baba yako."

"Nikimwambia, hatakuja."

"Huenda asije. Lakini akija kwa ajili ya picha ile, utaweza kumtazama usoni?"

Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Nikampigia Haruna, nikawasha spika, nikampa simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mpiga picha wangu!"

"Baba, picha niliyokutumia si yangu. Nilipewa. Mimi nilipata mkia tu."

Nilisikia mawimbi kwenye simu, na wavuvi wakiitana.

"Na mimi nimeshajisifu kwa watu wote," alisema Haruna taratibu. "Umeniaibisha, Ikram."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Umeniambia mwenyewe kabla sijaambiwa na mtu, na hilo ni zuri kuliko picha. Wenzangu nitawaeleza. Na safari iko pale pale, nitakuja."

Nikamshika Ikram bega.

"Unaona, mjukuu wangu?" nilimwambia. "Ule uongo ulikupa ulichokitaka, lakini hata chakula kilikushinda. Ukweli umekuliza kidogo, na sasa unaweza kumsubiri baba yako kwa raha. Siku nyingine ukiwa na haja kwa mtu anayekupenda, mweleze kwa kinywa chako. Usimtume ndege."

Haruna alikuwa bado anasikiliza. "Hebu niambie, mwanangu," akauliza. "Ulimtaka sana huyo tipitipi?"

Ikram aliishika simu kwa mikono miwili.

"Sikumtaka tipitipi, Baba. Nilitaka uje nyumbani."