Ukurasa wa Kumuaga Mgeni

Dadu zilibingirika zenyewe juu ya meza ya Klara, mchana kweupe.

Latifa alizisikia akiwa mlangoni, mwanawe Salma mgongoni. Aliitwa kwa sababu yeye na Klara ndio waliosahihisha kitabu cha mchezo ule. Watu wanakaa mezani, wanarusha dadu, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na ukurasa wa arobaini wanamkaribisha mgeni wa msituni. Wa sitini wanamuaga. Lakini katika vitabu vilivyochapwa, wa sitini haukuwemo.

Walizoea kusahihisha wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole, kisha wanatia alama ya vema pembeni. Siku ya mwisho mtoto wa Latifa alishikwa na homa. Klara akamfungia maziwa, akamwambia akamalizie nyumbani. Latifa alitia vema kurasa zote zilizobaki bila kuzisoma.

Sasa Glory, binti wa Klara, hakuwa ameinuka kitini tangu juzi alipoucheza na wenzake. Pumzi yake ilinuka majani yaliyooza, ukungu ulipita dirishani ukatulia kwenye kiti cha jirani kama mtu aliyekaribishwa, na kila alipotaka kusimama dadu zilibingirika tena na miguu ikamgomea, huku mama yake akimlisha uji kwa kijiko na kumbembeleza mgeni kwa Kishambaa, kwa adabu zote, amwachie mwanawe.

"Watakuwa wachapaji hao," Klara alinong'ona. "Wewe usijilaumu, mama Salma."

Maneno hayo yalimchoma Latifa kuliko tusi. Mzee Hashimu, mganga aliyeitwa na Klara, alipokwisha kuamkiwa shikamoo, aliuliza ni nani aliyeupitisha ukurasa ule.

"Ni mimi," Latifa alisema. "Nilitia vema, sikusoma."

Klara alimfungua mtoto mgongoni mwa Latifa, akampakata, ili mwenzake asome vizuri.

Klara alikuwa bado na mswada; Latifa akausoma humo ukurasa wa sitini, neno kwa neno, Klara akifuata kwa kidole. Ukungu ukatoka polepole. Glory akainua mguu mmoja, kisha wa pili, na kabla hajalia, sauti ya upole isiyo yake ikamtoka kinywani.

"Ahsante, mama. Na wenzangu waliokaribishwa kule Bulwa, Kwai na Zirai, nani atawasomea?"

Klara, aliyevipeleka vitabu stendi ya mabasi kwa mikono yake, visafirishwe hadi vijiji hivyo, akamrudishia Latifa mtoto bila kumtazama.