Kiti cha Mzee Ambokile

Bi Sekela alibonyeza kitufe, na kiti cha dereva kikajaa chenyewe taratibu. Mgongo ukapinda, ubavu wa kushoto ukabonyea pale nyonga mbovu ya mumewe ilipokuwa ikielemea. Mzee Ambokile alikuwa na miezi minne kaburini, lakini kitimwili, kama watu wa Mbeya walivyoviita viti hivyo vyenye akili ya kukumbuka umbo la mtu, kilikuwa bado kinamngoja.

Gari lenyewe lilikuwa limeshapigwa marufuku barabarani kwa uzee. Bi Sekela alitaka kitu kimoja tu: kiti kihamishiwe kwenye gari lake jipya, kando yake, na umbo la mzee lisipotee.

Fundi Anyosisye alijikuna kichwa. Ubavuni mwa kiti mna mfuko wa hewa. Ukichezea waya wake ukiwa na umeme, unafyatuka na kukuvunja taya. Ndiyo maana betri hutolewa kwanza, na fundi husubiri nusu saa umeme uliobaki uishe. Ila kumbukumbu ya kitimwili nayo huishi kwa umeme huohuo. Ukizima, mtu kafutika.

Mwisho alipata njia. Aliunganisha kibetri kidogo kwenye waya wa kumbukumbu pekee, akakata umeme mkubwa, akasubiri nusu saa na dakika kumi za woga. Akachomoa plagi ya mfuko wa hewa, akafungua bolti nne, akakitoa kiti kama anayebeba mgonjwa. Kwenye gari jipya alikaza bolti kwa spana ya kipimo, akarudisha plagi, kisha betri. Umbo la mzee lilikuwapo, na bonde la nyonga yake. Alifurahi jamani, acha tu.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi: kiti hakikabidhiwi mpaka aliyekifunga akikalie kwa uzito wake wote, akitikise, ajue kimeshika. Anyosisye alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Akakaa, akatikisa. Kimeshika barabara. Kumbukumbu hakuwa ameifunga bado isibadilike, na kitimwili ambacho kumbukumbu yake haijafungwa huchukua umbo la yeyote anayekikalia.

Alipohisi mto ukimkumbatia mabega, aliruka nje, lakini alikuwa amechelewa. Kiti kilikuwa kimenyooka, kipana kama yeye.

Alimweleza Bi Sekela yote bila kujitetea. Mama yule alipitisha kiganja ubavuni akilitafuta lile bonde la nyonga, akarudia, akarudia tena.

"Hakuna nakala?"

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Mama akaondoa kiganja. "Basi kitoe, mwanangu. Siwezi kwenda nyumbani na wewe."

Anyosisye akatoa betri, akaketi sakafuni kuisubiri ile nusu saa. Bi Sekela akaketi kando yake, akaisubiri naye.