Basi Mimi Si Wenu

Kila asubuhi Apolot humngoja Aanyu karibu na mpaka wa Busia, upande wa Uganda. Aanyu anaishi na bibi yake upande wa Kenya, na huvuka kila siku kuja shule. Hutembea pamoja wakizungumza Kiteso, kila mmoja na chakula chake mkobani.

Siku moja Mwalimu Taaka aliligawa darasa lao la saba katika makundi mawili.

"Leo tutaigiza siasa," alisema. "Kundi la Jonan, ninyi wakomunisti: hakuna tajiri wala maskini, mali ni ya wote. Kundi la Okwi, ninyi mafashisti: taifa ni kila kitu, na kiongozi hapingwi. Mtakula hivyo wakati wa mapumziko."

Jonan alikusanya viazi, karanga na chapati zote katika beseni moja, akagawa sawa kwa sawa. Hata Paddy, aliyekuja mikono mitupu, alishiba. Lakini Tracy alipouliza, "Nani alikuchagua wewe kugawa?" Jonan alimkaripia, "Kimya! Unapinga umma?"

Kwa Okwi, walikokuwa Apolot na Aanyu, kila mtu alikula chake. Opendi, mtoto wa mwenye duka, alikula chapati na mayai huku wengine wakitafuna muhogo. Kundi likaanza kunung'unika. Okwi akapanda juu ya benchi.

"Msimtazame Opendi, huyo mwenzetu! Mnajua kwa nini hamshibi? Kuna mgeni hapa." Akamnyooshea Aanyu kidole. "Mkenya, enda kwenu!"

"Enda kwenu! Enda kwenu!" kundi liliitikia, likicheka.

Aanyu hakucheka. Alichukua mkoba wake. "Sirudi tena shule hii," alimwambia Apolot, akaelekea langoni.

Apolot akasimama.

"Keti!" Okwi aliamuru. "Ukimfuata, nawe si wetu."

"Basi mimi si wenu! Jana ulikula karanga zake, Okwi. Jana hakuwa mgeni?"

"We! Huu ni mchezo tu."

"Kwako."

Apolot alikimbia, akamshika Aanyu mkono, wakaketi chini katikati ya uwanja. Okwi alipaza sauti tena, lakini safari hii hakuna aliyeitikia. Emoit alikwenda kuketi nao, kisha Juliet, mwishowe hata Opendi na chapati yake.

Mwalimu Taaka alikuja mbio. Alipomsikiliza Apolot, kisha Tracy, aliita darasa zima pale pale.

"Ufashisti huuliza: wewe ni wa damu gani? Humwachia tajiri mali yake mradi atii, halafu humtafutia maskini mtu wa kumlaumu. Ukomunisti huuliza: nani ana mali, nani hana? Hutaka mali iwe ya wote, na huwaita wafanyakazi wa nchi zote ndugu. Hiyo ni tofauti kubwa, msiichezee. Lakini kuna nchi ambako chama kilichoahidi usawa kiliwafunga watu waliouliza swali kama la Tracy."

Okwi aliinamisha kichwa. "Aanyu, nisamehe. Walipoanza kuniitikia, nilisikia raha."

Aanyu aliinuka, akavaa mkoba wake. "Kesho nitakuja," alisema. "Lakini si kwa sababu umeniruhusu."

"Mmesikia?" Mwalimu Taaka alisema. "Hakuna anayehitaji ruhusa ya mwenzake ili awe mtu. Anayewaambia vingine mkataeni mapema, kabla hajapata wa kumwitikia."