Majina ya Mstari wa Chini

Kila Jumamosi Chapuchapu alimsaidia mama yake, fundi wa kuandika mabango. Kaka zake walimpa msichana huyo jina hilo la utani kwa sababu hakujua kufanya kitu polepole. Hata chai aliinywa ikimuunguza.

Mwezi mmoja walipata kazi katikati ya mji, kwenye ukuta wa mawe wa kuwakumbuka askari wa kikosi kimoja waliokufa vitani. Majina yao yalichongwa humo, lakini rangi ndani ya herufi ilikuwa imefifia. Mama alipanda ngazi akaanza mistari ya juu. Chapuchapu akapewa mstari wa chini, akaambiwa apake rangi nyepesi, asubiri ikauke, kisha arudie.

Basi, nani awe na subira wakati wenzake wanaruka kamba ng'ambo ya barabara? Alichota rangi nzito, akazijaza herufi zote hadi juu kwa mara moja, akasawazisha kwa kitambaa. Majina yaling'aa. Mama alimsifu kutoka juu ya ngazi, naye akatimua mbio kwenda kucheza.

Jumamosi iliyofuata, walipokuwa wakimalizia kazi, alikuja bibi mmoja asiyeona, akitembea kwa fimbo. Alimweleza mama kwamba kila mwaka huja kumsalimu kaka yake, aliyekufa vitani yeye akiwa binti mdogo. Akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye mstari wa chini. Akarudia tangu mwanzo. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, wamemwondoa kaka yangu?"

Mama alimhakikishia kuwa jina lipo, akamsomea. Bibi akatikisa kichwa.

"Kusomewa, nasomewa hata nyumbani. Hapa huwa namshika."

Mama aliugusa ukuta, akakuta herufi hazina tena kina, akasema kwa masikitiko kwamba huenda mvua imelila jiwe. Chapuchapu angeweza kunyamaza, na mvua ingebeba lawama. Lakini akamsogelea mama.

"Si mvua, mama. Ni mimi. Nilijaza rangi nzito ili niwahi kucheza."

Mama hakumgombeza. Alimpa kijiti chenye ncha na dawa ya kuyeyusha rangi, akamwambia aanze na jina la kaka yake bibi. Chapuchapu alipiga magoti, akakwangua herufi moja baada ya nyingine mpaka vidole vikamuuma. Kisha akaushika mkono wa bibi, akauweka ukutani.

Bibi alipapasa taratibu hadi herufi ya mwisho. Machozi yakamtoka.

"Shikamoo, kaka," alisema. Kisha akamgeukia msichana. "Asante sana, mjukuu wangu. Ungenyamaza, ningekwenda kaburini nikiamini wamemsahau."

Chapuchapu naye alilia, kwa aibu na kwa furaha.

"Umekosea, ukasema, ukarekebisha," mama alimwambia. "Kosa linalofichwa ndilo linaloumiza watu. Na hawa, mwanangu, walitoa maisha yao yote kwa ajili yetu. Tusishindwe kuwapa subira kidogo."

Chapuchapu akajifuta machozi, akasogea kwenye jina lililofuata.