Chumba Kitupu Kimeomba Taulo

Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu, na kilijibu.

"Yesi, plizi. Taulo."

Msichana wa mapokezi aliganda mlangoni, ngumi ya kubishia hodi bado iko hewani. Ilikuwa mchana kweupe, redio inaimba jikoni. Chumbani hamna mgeni, godoro limeegemezwa ukutani, na ufunguo uko mfukoni mwake. Kosa lake lilikuwa moja tu, kumtii shangazi yake.

Huyo shangazi sasa! Nyumba ilikuwa gesti, watu wanalala, wanaondoka, hakuna makuu. Akabadilisha kibao ikawa lodji. Lodji nayo haikumtosha roho, akaandika hoteli, vyumba vilevile, bomba linavuja palepale. "Gesti mgeni anapewa ufunguo," alijishaua, "hoteli mgeni anaulizwa." Basi kila mchana akawa anamsimamisha mtoto wa kaka yake mbele ya chumba kile ajizoeze Kiingereza cha adabu: Wudi yu laiki enithingi? Yaani, ungependa chochote?

"Lakini hamna mtu humo, shangazi."

"Ndiyo maana! Ukikosea nani atakucheka?"

Hakucheka mtu. Alijibu mtu, au kitu, na msichana alipokimbia kusema, shangazi mtu hakushtuka hata kidogo. Macho yalimng'aa. "Anajua Kiingereza? Mpelekee taulo haraka!"

Taulo liliwekwa kizingitini. Mlango ulifunguka kidogo, taulo likavutwa ndani, na harufu ya nywele zinazoungua ikatambaa kwenye korido. Mtu mwenye akili angefunga nyumba akaondoka. Shangazi aliinama akauliza kwa sauti ya asali, kuna kingine ungependa? Kioo. Akapewa kioo. Kingine? Shuka. Kingine? Maji. Alipopewa maji yakasikika yakichemka humo ndani, na hamna jiko wala umeme.

"Shangazi, kwa nini unamuuliza?" msichana alinong'ona.

"Sasa nimnunie mgeni? Hii ni hoteli." Akaugeukia mlango. "Enithingi elsi?"

"Beibi, plizi."

Mtoto katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, wa yule msichana. Watu walimwita Chiriku kwa kejeli, kwa sababu umri wa kusema ulikuwa umempita na hajatamka hata mama. Neno hilo moja ndilo mama yake alilokuwa akilingoja, kila asubuhi anamwosha uso na kumwambia, sema mama, mwanangu, sema mama. Sasa alitimua mbio hadi uani alikomwacha amelala, akakuta mkeka mtupu, akarudi koridoni, na akamwona Chiriku amesimama mbele ya chumba cha mwisho, ananyoosha mkono kuelekea upenyo wa mlango kama mtu anayeitwa kwa jina lake, na ndani ya upenyo ule kuna kidole kirefu, cheusi, kinamwita taratibu, taratibu, kwa adabu zote.

Alimkwapua mwanawe. Akamtuma jirani akamlete mganga.

Mganga alikuwa mama mtu mzima asiye na subira. Alinusa korido mara moja tu, akakasirika. "Huyu hajaingia kwa nguvu. Mmemuuliza, amejibu. Mfukuzeni kwa ukali, na asiulizwe kitu tena. Mnanisikia?"

"Mwenye nyumba ni mimi," shangazi akajitia mbele, akakohoa, akalainisha koo. "Kudi yu plizi livu?"

Tafadhali, unaweza kuondoka?

"No, thenki yu," chumba kikasema, kikacheka.

"Mama wee! Si umemuuliza tena!" mganga alifoka.

Hapo ndipo damu ilimchemka msichana. Yesi sa, yesi madamu, tabasamu mpaka mashavu yanauma, na sasa mwanawe! Alimkaza Chiriku kiunoni, akaupiga mlango teke. "Toka! Sikuombi, sikuulizi, toka! Mshenzi mkubwa, toka kwa mwanangu!"

Mlango ulibamizwa. Upepo wa moto uliwapita koridoni, ukazima redio, ukatoka mpaka nje kupitia mapokezi. Nyumba ikanyamaza. Mganga alishusha pumzi. Msichana akaanza kulia, na Chiriku akalala kifua kwa kifua naye, mzima.

Kisha kengele ya mapokezi ikalia. Kule mlango wa mbele hakukuwa na mtu.

Shangazi alitetemeka, lakini mdomo ukamtangulia. "Mei ai helpi yu?"

"Usimuulize!" waliruka wote wawili.

Mlangoni hakujibu mtu. Chiriku ndiye aliyeinua kichwa begani kwa mama yake.

"Yesi, plizi," alisema, neno lake la kwanza duniani, na akanyoosha kidole kwenye chumba cha mwisho.