Fimbo ya Janvier

"Enda basi, rudia fimbo yako! Kwani ni mutu, utaililia?" Uwingabire alimfokea kaka yake.

"Siwezi kuiacha huko juu, ni ya kazi," Janvier akajibu. "Wewe shuka, nitakukuta."

Uwingabire ni rafiki yangu, tulikaa dawati moja kabla sijaacha masomo. Siku ile yeye na Janvier walikuwa wamewabebea watalii mizigo hadi kilele cha Nyiragongo, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Janvier akarudi juu kutafuta fimbo aliyoichonga jina lake kwa kisu. Uwingabire akashuka peke yake, amenuna.

Baada ya mwendo kidogo akasikia fimbo ikigonga mawe ya volkano nyuma yake: ko, ko, ko. Moyo ukatulia.

"Janvier, unisamehe!"

Hakujibiwa. Akitembea, ilimfuata. Akisimama, iligonga mara moja zaidi, kisha kimya. Akadhani kaka bado ana hasira.

Kule chini barabarani alimngoja. Kugonga kulisogea, kukakoma hatua chache tu kutoka kwake, ndani ya ukungu. Hakutokea mtu. Alipochoka kungoja alipanda pikipiki hadi kwao, mtaa wa Mapendo, akilia njia nzima, hajui atamwambia nini mama.

Mama alifungua mlango, simu mkononi.

"Usilie, mutoto wangu. Janvier amepiga simu, atalala kule juu na ba-garde, walinzi wa parki. Anasema fimbo yake hakuiona. Sasa hii yenye jina lake, nani ameisimamisha hapa nyuma yako?"