Zima Sauti Kwanza

Ijumaa mchana, baada ya chakula, si rahisi kufundisha darasa la saba. Watoto wameshiba githeri ya mahindi na maharagwe, na macho yao ni mazito. Mwalimu naye ana rundo la madaftari ambayo hayajasahihishwa. Kwa hiyo Mwalimu Kavata alifurahi sana shule yao ya Umoja ilipopata televisheni na mashine ya video.

Wazazi walichanga, wakanunua. Mafundi wa jua kali, wanaofua vyuma nje huko Kariobangi, wakaunda kabati la chuma lenye magurudumu na kufuli mbili. Kabati lenyewe lilikuwa zito kuliko vitu lililovilinda. Ilikuwa mwaka wa 1994, na shule jirani hazikuwa na kitu kama hicho. Walimu walitembea vifua mbele.

Kavata alifundisha GHC, somo la jiografia, historia na uraia. Alikwenda mjini kwenye duka la kanda za video, akachagua moja iliyohusu historia ya Kenya. Aliichagua kwa jalada. Jalada lilikuwa na ngamia, jua jekundu na maandishi ya dhahabu. Hakuitazama kwanza. Aitazame ya nini? Aliona historia ni historia tu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku hiyo Kavata hakuwakumbuka wahenga.

Alisukuma kabati hadi darasani, akaweka kanda, akabonyeza.

"Mwalimu, ni muvi?" aliuliza Muasya, mvulana mcheshi wa dawati la mbele.

"Si muvi. Ni historia. Tulia utazame."

Kisha Kavata akaketi nyuma ya darasa na kuanza kusahihisha madaftari.

Filamu ilichukua saa moja na nusu. Watoto kadhaa walilala. Kavata alizama katika kazi yake, hata hakusikia filamu ilipofika kaskazini mwa nchi. Watoto waliokuwa macho walisikia. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lakini darasa la saba walikielewa. Picha ilionyesha Wasomali wakipita jangwani na ngamia. Msimulizi wa filamu, mwanamume mwenye sauti nzito, akasema, "Jihadhari na watu hawa. Hawajui kazi nyingine ila kuvamia na kupora."

Muasya akageuka akamtazama Hibo. Darasani humo, Hibo ndiye aliyekuwa Msomali peke yake.

"Kumbe babu zako ni mashifta!" Muasya alisema. Shifta ni jambazi wa porini, na kila mtoto alilijua neno hilo.

Darasa likaangua kicheko. Kavata akainua kichwa, akasema, "Nyamazeni!" Halafu akarudi kwa madaftari yake.

Jumatatu Hibo hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano Kavata aliuliza darasa, na kila mtu akatazama chini. Mwishowe msichana mmoja alisema, "Mwalimu, wanamwita Shifta. Hata kwa foleni ya maji walimwita."

Kavata aliumia moyoni. Hibo alikuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote.

Jioni hiyo alikwenda Eastleigh, kwenye duka la vitambaa la Sahro, mama yake Hibo. Sahro alimpa kiti na chai yenye iliki. Mgeni ni mgeni, hata kama umemkasirikia.

"Mama Hibo, nimekuja kumwulizia Hibo. Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Jumamosi ya wiki ijayo anapanda basi. Anaenda Garissa kwa mjomba wake. Atasoma huko."

"Lakini mwakani ni mtihani wa darasa la nane! Ataanza upya na walimu wapya?"

"Mtihani naujua, Mwalimu." Sahro alikunja kitambaa, akakiweka. "Mimi nimezaliwa Isiolo, hapa hapa Kenya. Baba yangu amezaliwa Isiolo. Barabarani nikiulizwa kitambulisho na polisi kila mara, nimezoea. Lakini shuleni? Watoto siwalaumu, watoto ni watoto. Si wao walianza. Televisheni ya shule ndiyo ilianza. Wewe ulikuwa wapi?"

Kavata angeweza kutafuta uongo. Hakuutafuta.

"Nilikuwa nyuma ya darasa," alisema. "Nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Basi," alisema Sahro.

Nyuma ya pazia la duka Hibo alikuwa akisikiliza, lakini hakutoka kumsalimu mwalimu wake. Kavata alirudi nyumbani na aibu kubwa.

Jumamosi asubuhi aliichukua ile kanda, akaenda kwa jirani yake Nthenya, ambaye majirani walimwita Mama Mumo. Nthenya alifanya kazi katika kituo cha walimu. Kazi yake ilikuwa kuwashauri walimu kuhusu vitabu na filamu za kufundishia. Nyumbani kwake kulikuwa na video.

Nthenya alisikiliza kisa chote. "Kavata wewe! Mbona hukuja kwangu kabla ya kuionyesha?"

"Niliona ni kanda tu, Mama Mumo."

"Ni kanda tu! Hata nyanya unazibonyeza kabla ya kununua. Hebu lete tuione."

Nthenya hakuanza mwanzoni. Aliipeleka kanda hadi mwisho kabisa, mahali maandishi madogo hupita mbio. Akaisimamisha.

"Soma hapo. Imetengenezwa lini?"

Kavata akasogea karibu. "Elfu moja mia tisa sitini na moja! Lakini jalada ni jipya."

"Jalada ni la juzi, filamu ni ya kabla ya uhuru. Na imetengenezwa ng'ambo, kwa watazamaji wa ng'ambo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: nani aliitengeneza, lini, na alitaka wenzake wafikiri nini juu yetu?"

Wakarudi mwanzo, wakatazama. Vita vya zamani vilipofika, Nthenya alicheka. "Wanasema hii ni 1905. Tazama mkono wa huyo askari."

"Ana saa ya mkono! Tena ya kisasa."

"Ni mwigizaji. Kuigiza si dhambi. Lakini usipowaambia watoto, watadhani kamera ilikuwa hapo siku ya vita."

Ngamia walipotokea, Nthenya alizima sauti. Chumba kikawa kimya.

"Sasa niambie unachokiona. Usiniambie ulichosikia."

"Naona wezi wa—"

"Unawaona wezi?"

Kavata akatazama vizuri. Kwa mara ya kwanza alitazama kweli. "Naona mama. Anavuta ngamia kwa kamba. Ngamia amebeba mikeka, na fito zilizopinda. Kuna birika. Na juu ya ngamia wa pili kuna mtoto. Amelala."

"Silaha je?"

"Hakuna."

"Basi nani aliyewaita wezi?"

"Ni ile sauti," Kavata alisema polepole. Halafu akauliza, "Kwa hiyo nisifundishe mabaya yaliyotokea kaskazini?"

"Fundisha! Kulikuwa na vita huko miaka ya sitini, na watu waliumia pande zote mbili. Historia haitiwi sukari. Lakini usimwonyeshe mtoto familia inayosafiri ukamwambia ni majambazi. Na jambo jingine. Kipindi chako ni dakika ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Na wewe ukaweka saa moja na nusu! Chagua dakika tano tu, ujue unazitakia nini. Halafu simama mbele, uulize maswali, usikilize majibu. Video haifundishi. Mwalimu ni wewe."

"Nimeelewa. Nitaitupa hii kanda."

"Usiitupe," alisema Nthenya. "Imekwisha kuharibu. Sasa ifanye kazi."

Jumatatu Kavata alirudi dukani kwa Sahro. "Mama Hibo, sikuja kukuomba umbakishe mtoto. Nakuomba uje naye darasani Alhamisi, ukae, utazame. Kisha uamue mwenyewe."

Sahro alirudisha kitambaa rafuni. "Nitakuja. Lakini basi bado ni Jumamosi."

Alhamisi Sahro aliketi nyuma ya darasa, mahali Kavata aliketi siku ile. Hibo alikaa kando yake. Safari hii Kavata alisimama mbele.

"Ijumaa ile nilikosea," aliwaambia wanafunzi. "Niliwawekea kanda ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama. Mwenzenu akaumia kwa sababu yangu. Hibo, nisamehe."

Watoto walishangaa. Hawakuwa wamewahi kusikia mwalimu akiomba msamaha. Kavata akawasha televisheni, ile sehemu ya ngamia peke yake, bila sauti.

"Mnaona nini?"

"Ngamia!"

"Naona mathe anavuta kamba."

"Ako na birika!"

"Kuna katoi kamelala huko juu."

"Vizuri. Na zile fito zilizopinda ni za nini?"

Muasya aliruka na mkono juu. "Ni pinde, Mwalimu! Za kupiga mishale!"

"Nani ana jibu jingine?"

 Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma. "Ni nyumba."

Wote wakageuka. Hibo alikuwa amesimama. "Ni nyumba ya huyo mama. Hizo fito zinasimamishwa, halafu mikeka inawekwa juu. Wakihama, anaifungua, anabeba kwa ngamia, anajenga tena mahali kuna majani. Nyanya yangu alikuwa na moja."

Sahro alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli," alisema. "Mimi nimelala ndani yake."

Kavata alirudisha kanda nyuma, akaicheza tena, mara hii na sauti. Ule mngurumo wa sauti ukajaa darasani: "Hawajui kazi nyingine ila kuvamia na kupora." Akazima.

 Kisha Muasya akainua mkono, taratibu, si kama kawaida yake.

"Mwalimu, kwani mtu anaenda kuiba akiwa amebeba nyumba yake? Na birika? Na mtoi?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona huyo jamaa wa sauti hakuwauliza." Akageuka nyuma. "Hibo, pole. Mimi nilifuata tu vile TV ilisema."

"Nimesikia," alisema Hibo. "Lakini wewe kila kitu unaona ni pinde."

Darasa lilicheka, na Hibo alicheka pamoja nao. Muasya ndiye aliyecheka zaidi.

Kengele ikalia. Sahro akasimama, akaitengeneza shali yake. Kavata alimngoja aseme neno. Lakini Sahro alisema na binti yake.

"Hibo, ukitoka saa kumi, pitia dukani. Na Jumamosi usipange mambo. Kuna mzigo wa vitambaa, utanisaidia."

Kavata akageukia kabati na kuanza kushughulika na kufuli, ambazo hazikuwa na shida yoyote. Hakutaka watoto wayaone machozi yake.

Tangu wakati huo, katika shule ile hakuna kanda iliyowekwa kabla ya mwalimu kuitazama mwanzo hadi mwisho. Walimu wengine walinung'unika kwamba ni kuongezewa kazi. Baadaye waliona faida. Dakika tano zilizochaguliwa vizuri ziliwafanya watoto wabishane hadi wakati wa kwenda nyumbani, na hakuna aliyelala.

Muhula uliofuata Kavata alileta kanda nyingine, ya ujenzi wa reli. Kabla hajabonyeza, Hibo aliinua mkono.

"Mwalimu, umeitazama?"

"Mara mbili."

"Nani aliitengeneza?"

"Nitawaambia, kisha mtaniambia kama tumwamini."

"Basi weka, Mwalimu," alisema Muasya kutoka dawati la mbele. "Lakini zima sauti kwanza."